Vidole Vyenye Sugu

Juzi, katika ofisi moja ya Msambweni, mashine ya alama za vidole ilimkataa mzee aliyekuwa mbele yangu. Karani akampangusa vidole vya kushoto kwa kitambaa, akajaribu tena. Wapi!

"Mzee wangu, vimeota sugu. Wewe ni mvuvi?"

"La, mwanangu. Ni nyuzi za gita. Nimepiga bluzi mahotelini Diani hadi nikazeeka. Sasa nafundisha."

Nyuma yangu mama mmoja akacheka, akanyoosha mkono wake wa kushoto. "Shikamoo, mwalimu. Hata mimi ilinikataa jana."

Mzee akainama, akavitazama vidole vya mama huyo kimoja kimoja kama anayesahihisha daftari.

"Marahaba. Kumbe hukuacha gita!"

Karani akasema bado anataka ushahidi kwamba mzee ndiye yeye. Jamani, ushahidi gani tena?