Boriti ya Lowrie

Magoti ya Mimie yaligoma kabla ya msimu wa kupanda. Bintiye Inga, anayekaa mjini Lerwick, hakukawia kupiga simu: Jumamosi atakuja, na kama mama hawezi tena kuinama shambani, afunge nyumba ahamie kwake mjini. Mimie alijibu kwamba atapanda viazi kama kawaida, tena bila kuinama.

Akaanza kujenga tuta la kufika kiunoni. Kisiwani Unst hakuna miti ya kupasua, kwa hiyo watu hungojea mbao zinazoletwa na bahari. Pande mbili alipanga mawe ya ukuta ulioanguka, upande wa tatu kreti za samaki zilizotupwa na mawimbi. Upande wa nne, unaotazama upepo, akasimamisha mlango wa zizi. Ndani akajaza mwani, sufu chafu ya kondoo na udongo.

Jirani yake Lowrie alisimama akitazama, mikono mfukoni. "Huo mlango hautoboi wiki, Bi Mimie."

"Wewe ile mashua yako imefika wapi?"

Alimgusa penyewe. Miaka tisa nyuma Lowrie aliokota boriti nene ufukweni, akaiburuta juu ya alama ya bamvua, pale maji yanapoishia yakijaa kabisa, akatangaza ataundia mashua. Na ubao ukishavutwa juu ya alama ile una mwenyewe. Hata mwizi wa kondoo hataugusa.

"Bado naifikiria," alisema Lowrie.

"Utaizindua siku ya mazishi yako!"

"Kama unaitaka boriti, omba. Neno moja tu."

"Nikuombe wewe? Bora nile mwani."

"Kula. Chumvi unayo tayari."

Ijumaa upepo uliangusha mlango, na udongo wote ukamwagika. Mimie alikaa juu ya kreti akalia, kwa hasira na kwa woga. Nyumba ile hakutaka kuiacha.

Jumamosi asubuhi aliteremka ufukweni kutafuta chochote. Boriti ya Lowrie ilikuwa imelala chini kabisa, maji yakiirambaramba. Kutoka pale ilipokaa miaka yote, alama za matairi zilishuka moja kwa moja hadi kwenye maji.

"Lowrie! Bahari imeleta kitu!"

Lowrie alitokea upesi mno, juu ya trekta. "Bahari ina mambo," alisema, akitazama mawingu. "Cha aliyekivuta."

Mimie aligusa boneti. "Trekta lako lina homa, jirani."

"Uzee huo."

Mimie alifunga kamba kwa mikono yake mwenyewe, trekta likavuta hadi juu ya alama.

Inga alipofika alimkuta mama amesimama wima, anafukia viazi, na Lowrie anashindilia mawe chini ya boriti iliyochukua nafasi ya mlango.

"Lowrie," alisema Mimie bila kugeuka, "viazi vya upande huu ni vyako."

"Mimi sijaomba."

"Najua. Ungeomba nisingekupa."