Kiungo wa Klabu Tisa

Mdogo wangu ni kiungo, amechezea klabu tisa, na hakuna hata moja iliyowahi kumuaga kwa shangwe. Sauti imemkauka kwa kuitisha pasi. Akija nyumbani hukaa ukingoni mwa kiti, begi la jezi miguuni, akilikanda goti kwa vidole gumba. "Wewe, hata mswaki wako haujui kwao," huwa namtania. Mama alipofariki, yeye alikuwa safarini na timu, hakuwahi kumzika. Tangu hapo amekuja mara tatu, na kila nikilitaja kaburi anakumbuka mazoezi. Nimemwombea mpaka magoti yanauma. Leo yupo nyumbani, na kocha alipompigia simu, aliizima.

"Dada, nipeleke kwa mama."

Niliinuka upesi hata nikasahau kuvaa viatu, nikawa namshukuru Mungu njia nzima.