Bastola Iliyopotea Katikati ya Filamu

Kaka yangu alirudi Moroni kutoka Marseille na kamera ya video, akawa anapiga filamu za harusi za watu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na harusi nilishazichoka. Nikamwambia, "Na sisi tutengeneze filamu yetu, ya kusisimua." Nikatunga kisa cha kijana anayeiba dhahabu za bibi harusi. Binamu yetu akawa mwizi. Bastola tuliichonga kwa mti, tukaipaka masizi.

Enzi zile mamluki wa Kizungu ndio waliokuwa na nguvu visiwani kwetu. Tukiwa tumeshapiga nusu ya filamu, Mzungu mmoja kwenye kizuizi cha barabarani aliiona bastola mkononi mwa binamu. Aliichukua, akaigeuzageuza, akaivunja kwa goti. "Nyumbani!" alitufokea kwa Kifaransa. Tukaimalizia filamu vichochoroni mwa mtaa wa Badjanani, mwizi akiwa na kisu cha jikoni.

Moroni watu walipiga makofi. Walijua yaliyotupata, hakuna aliyeuliza kisu kilitoka wapi. Tulipoipeleka Mutsamudu, kisiwa cha pili, kwa mama mdogo, ua ulijaa majirani, hata watu wa mji wa pili wa Mirontsy. Filamu ilipofika katikati, mama mdogo akanyoosha mkono.

"Simamisheni. Bastola imekwenda wapi?"

Kaka akacheka. "Ni filamu tu, mama."

"Na huyu kijana anaiba kwa nini? Ana viatu vizuri, ameshiba. Mtu haamki tu akaiba."

Kaka alinuna. Mimi sikununa, maana mama mdogo alisema kweli. Asubuhi nilimfuata jikoni, akikuna nazi.

"Mama, je, kama dhahabu zile ni za mama yake mwizi, akadhulumiwa na wale wenye harusi?"

Akaacha kukuna. "Basi huyo mama yuko wapi? Mbona hatumwoni?"

"Utakuwa wewe."

Tulichonga bastola nyingine, tukafunga mlango wa ua tusionekane. Nilimwandikia mama mdogo maneno ya kusema. Hakutumia hata moja. Binamu alipopita na bastola kiunoni, alimnyang'anya, akaitumbukiza kisimani. "Kadai chetu," alisema, "lakini kitu hiki hakilali nyumbani kwangu." Akampa mgongo. Binamu, bila kuambiwa na mtu, akanyakua kisu kando ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akakificha ndani ya shati. Kaka hakuzima kamera.

Kipande kile tulikiunganisha mahali pake, tukawaita majirani tena. Bastola ilipozama, wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti ya filamu ikapotea. Filamu ilipokwisha, wazee wawili walibaki uani wakibishana: mama yule alifanya vyema kumtuma mwanawe, au alimponza? Kaka akawaambia, "Muulizeni dada yangu, hadithi ni yake."

Wote wawili wakanigeukia. Nilijitanda leso yangu ya shiromani vizuri, nikaketi baina yao, nikaanza kuwajibu.