Gari Nililomuundia Mama

Mama yangu hakuweza kupanda pikapu. Magoti yake yalikuwa hayakunjiki tena, na mapikapu ya huku Ibra, Omani, siku zile yalikuwa marefu, mtu huyaparamia. Ilipokuja barua kutoka Manah kwamba dada yake mgonjwa na anamuulizia, akaniambia, "Mwanangu, kakodi pikapu tu. Nitashikwa huku na huku, nitapanda."

Nikamwambia, "Mama, wewe hupakiwi kama gunia la tende. Nipe mwezi mmoja, nitakuundia gari."

Nilikuwa fundi kwenye kampuni ya barabara, na ufundi nilijifunza gereji ya Unguja, kabla mambo hayajaharibika tukatawanyika. Mama na mama mkubwa walikuwa hawajaonana tokea huko. Mmoja aliangukia Manah kwa mumewe, mmoja akaja Ibra na mimi, na katikati ni mawadi, yaani mabonde ya mito mikavu, na mawe siku nzima. Sisi wa Unguja tulikuwa tunachekwa kidogo mtaani, Kiarabu chetu, mapishi yetu, hata tunavyoamkiana. Nikisema kweli, sikuunda lile gari kwa ajili ya mama peke yake. Nilitaka wanione.

Nilinunua lori dogo lililopinduka wadini. Nikachukua injini, ekseli na usukani, nao usukani nikauacha kushoto ulipokuwa. Chesisi, yaani mifupa ya gari, niliichomelea mwenyewe uani kwa vyuma vya mraba vilivyobaki kazini. Ilitoka imepinda. Gurudumu moja la nyuma lilimtangulia mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Nikaikata, nikaanza upya, na mwezi niliouomba ukaisha. Mama akauliza, "Bado?" Nikamjibu kwa ukali kwamba kazi haiendi kwa kuulizwaulizwa.

Bodi nililifanya kama yale mabasi ya mbao ya kwetu, mbao ndani, bati nje. Mbele dereva peke yake na tairi la akiba. Nyuma yake, ubavuni, mlango mmoja mpana wa abiria, na kidato chake kiko chini kabisa. Kimo cha kidato nilikipima kwa mguu wa mama mwenyewe, yeye amekaa kitini, mie nimepiga magoti na utepe wangu. Upande wa pili nikaufunga wote, nikaupiga vyuma vya mshazari, bodi lisicheze njiani.

Kila alasiri wazee wenzetu wa Unguja walikuja na kahawa yao wakakaa kivulini kunitazama. Huyu anasifu kidato, yule anagongagonga bati. "Mashaallah, fundi khasa." Barua ya pili ikaja. Nikasema bado rangi tu.

Mwezi wa nne wa kazi nikalipeleka kukaguliwa, nipate nambari. Askari wa ukaguzi, kijana wa mkoa wetu wa pale pale Sharqiyah, hakuinama kutazama chesisi wala breki. Alilizunguka mara moja, akasimama mlangoni. Akaniuliza kwa Kiarabu, "Ami, abiria wako wanashuka wapi?"

Nikamwonyesha mlango, nimejaa fahari. Akautazama mlango, kisha akaitazama barabara.

Hapo ndipo nilipoona. Unguja gari huenda kushoto, na abiria hushuka kushoto, ukingoni. Omani gari huenda kulia. Nilikuwa nimemjengea mama mlango wa kumshusha katikati ya barabara. Miaka ninaendesha kulia kila siku, na mikono yangu ilikuwa bado iko Darajani. Na wale wazee wote, miezi wanatazama, hakuna hata mmoja aliyeona. Tungeonaje, na sote macho yetu ni ya kule kule? Askari hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alisema tu nihamishe mlango, nirudi.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikakata vyuma nilivyovichomelea mwenyewe, na kwa wiki tatu sikuwa na neno jema na mtu. Sikuona kwamba mama ameacha kuuliza. Siku moja narudi kutoka kazini, kitanda chake kimetandikwa na mwenyewe hayupo. Mke wangu akasema, "Ulipotoka tu asubuhi, jirani na mkewe wamempeleka Manah kwa pikapu. Tulimnyanyua watu watatu, tukamlaza nyuma juu ya godoro. Alinikataza nisikwambie."

Jirani mwenyewe ni mmoja wa wale waliokuwa wakikicheka Kiarabu changu.

Mama alirudi siku ya tatu. Nikamwambia shikamoo, akaitikia. Nikauliza hali ya mama mkubwa.

"Hakunijua," akasema. "Mpaka wiki mbili nyuma alikuwa akinitaja. Wameniambia kila likipita gari akiwaambia watu wafungue mlango, mdogo wake amefika. Nilipofika mimi, akaniuliza ni mke wa nani."

Nilitamani anigombeze, nipate cha kujitetea. Hakunigombeza. Aliomba maji ya moto akande magoti.

Gari lilipata nambari wiki iliyofuata, na safari yake ya kwanza ilikuwa Manah, kwenye taazia ya mama mkubwa. Nililisimamisha mbele ya nyumba yake. Mama akaweka mguu kwenye kidato, akashuka mwenyewe upande wa kulia, hakushikwa na mtu. Akausukuma mlango, ukafungika.

"Mlango umekaa vizuri," akaniambia, akaingia ndani kwa waliofiwa.