Mujusi Niliyemuzika

Niliponea vita, lakini aibu kubwa ya maisha yangu ililetwa na mujusi. Alikuwa na ndevu za miiba, na patroni wangu Nikola alimuleta Bunia kutoka Ulaya. Nilimutengenezea nyumba: sanduku la mbao, kioo mbele, muchanga chini, na ampuli ya umeme ya kumupa joto.

"Alphonse, akifa kwa baridi, kazi yako imekwisha," patroni akasema, akaenda Mahagi.

Kesho yake umeme ukakatika, mvua ikanyesha siku mbili. Ndevu za mujusi zikageuka nyeusi kama masizi. Akafumba macho, akawa baridi kama jiwe. Sentineli wetu wa kulinda lango, Lobo, ule mujinga, akamusukuma na kijiti.

"Amekufa huyu, muzee. Anza kutafuta kazi ingine."

Nikamuamini! Nikamufunga katika leso yangu ya kuendea misa, nikamuzika uani penye maharagwe. Nikamusomea na Baba Yetu, maana niliogopa roho yake.

Patroni alirudi siku ya jua kali, akauliza mujusi wake yuko wapi. Palepale uani nikaapa: "Haki ya Mungu, Lobo ndiye aliyemuiba!"

Lobo akanyoosha kidole nyuma yangu.

Udongo wa penye maharagwe, uliopashwa moto na jua, ulikuwa unatikisika. Kichwa kikatoka polepole, jicho moja likafunguka, likaniangalia mimi peke yangu. Akatambaa mpaka kwenye kiatu cha patroni, anakokota leso yangu. Bibi yangu alishona herufi pembeni mwake kwa uzi mwekundu.

Patroni akainama, akasoma: "Al-phon-se."