Mstari Nilioziba

Hapana, Salimu, si kweli kwamba mtu hawezi kupenda maandishi asiyoyaelewa. Mama yetu kila asubuhi anasimama mbele ya ile aya ya kwenye fremu pale sebuleni. Kiarabu chake ni cha madrasa tu, maana haijui, na bado macho yake yanatembea na zile herufi kama mtu anayemsindikiza mgeni asiyetaka aondoke. Kamuulize yeye kwanza, halafu uje kwangu.

Ndivyo nilivyomjibu mdogo wangu leo mchana, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Lakini swali lake hasa halikuwa hilo. Alichouliza ni hiki: "Dada, miaka tisa imepita. Yule mama wa duka ameshasahau. Unaenda kumwambia nini?" Hapo hapo Baba kule kwenye veranda akafungua kopo la thina ya kuyeyushia rangi. Harufu ikaingia ndani, ile kali ya kuwasha pua, na mimi nikarudi kuwa na miaka kumi, nimeshika brashi ndogo, nina furaha ya mtu ambaye bado hajajua alichofanya.

Ngoja niwaeleze vizuri. Baba ni fundi wa mabango. Ukipita mjini Durban ukaona saluni imeandikwa kwa herufi nyekundu nene zenye kivuli cheusi, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wake. Tulipokuwa wadogo, kila mtu nyumbani alikuwa na kazi yake kwenye mabango hayo, na yangu ilikuwa kuziba. Baba akishapaka herufi, mimi nilipita nyuma yake na brashi namba mbili nikitafuta mahali ambapo rangi haikushika, napajaza. Alikuwa ananiambia, "Herufi yenye tundu ni kama shati lenye tundu. Mwenye nalo haoni, barabara nzima inaona." Baadaye alikuwa anainamisha kichwa, anaangalia bango kwa ubavu kwenye jua, na akikuta hata kitundu cha sindano ananiita jina langu lote na la babu juu yake. Kwa hiyo jicho langu lilikuwa kali. Nilikuwa naona matundu mpaka kwenye vitabu vya shule.

Mwaka huo Baba akapata kazi kwa Mama Lin. Huyu alikuwa mama wa Kichina mwenye duka mjini la kila kitu: miavuli, maua ya plastiki, sufuria, saa za ukutani ambazo kila moja ilikuwa na saa yake. Ukiingia, unapokelewa na harufu ya ndala mpya. Aliyemsaidia kuuza ni Yaya Odette, yaya kwao ni dada mkubwa, mama mnene mcheshi wa kutoka Bukavu, ambaye alikuwa akigombana na wateja kwa lugha nne na wote wanaondoka wanacheka. Baba alitakiwa kupaka kuta zote rangi na kuandika bango jipya la mbele. Shule ilikuwa imefungwa, nikaenda naye.

Nyuma ya kaunta palikuwa na karatasi moja, haina hata kioo wakati ule. Mama Lin akaishusha mwenyewe ili ukuta upakwe, akaibeba kwa mikono miwili kama sinia la chai, akailaza juu ya meza chumba cha nyuma. Ilikuwa na herufi moja tu ya Kichina, peke yake neno zima, nyeusi, kubwa kama mto wa kulalia.

"Iko maandiko ya mama yake," Yaya Odette aliniambia. "Inasema 'mbali'. Aliandikaka siku ile Mama Lin anatoka kwao. Sasa ule mama alikufa. Weye usishike!"

Sikuishika. Niliiangalia tu. Juu palikuwa na vimstari vingi vimebanana, na chini yake mstari mmoja mrefu, ulioanzia kushoto, ukapita chini ya vyote kama umevibeba mgongoni, halafu ukakimbilia kulia. Na huko kulia, jamani, ulikuwa umechanikachanika. Weusi ulikuwa umeisha, umebaki michirizi myeupe mirefu, kama alama za fagio kwenye mchanga. Nikasikia huruma. Nikafikiri, maskini, wino ulimwishia bibi wa watu na hakuwa na mtoto wa kumzibia.

Mnajua nilichofanya.

Nilichukua rangi nyeusi ya mafuta ya Baba na brashi yangu namba mbili, nikaanza. Ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Malori ya bandarini yalikuwa yanapita nje, meza inatetemeka, na kila lori likipita nilikuwa nainua brashi, nasubiri, naendelea. Mimi nisiye na subira hata ya kusubiri wali uive! Mchirizi mmoja mmoja, mpaka mstari ukajaa, mweusi, mzima, umefika mwisho wake kama mstari wa watu wenye heshima zao.

Mama Lin akaingia kuchukua funguo. Akasimama. Saa za dukani zilikuwa zikigonga, kila moja kwa wakati wake.

"Wewe?" akauliza.

"Mimi!" nikasema, kifua mbele.

Akainama mpaka pua yake ikakaribia karatasi. Akainuka. Mwishowe akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba nimefanya kwa uangalifu mkubwa. Baba akachungulia mlangoni akiwa na rola mkononi, akaona, akasema, "Aha! Mstari umekaa." Nikarudi nyumbani siku ile natembea kama bibi harusi. Karatasi ikawekewa kioo, ikarudi ukutani.

Halafu Mama Lin akamwambia Baba kwamba mkono wangu umetulia, niwe nakwenda Jumamosi asubuhi kabla hajafungua. Nikaenda. Uani palikuwa na sakafu ya simenti. Yeye alikuja na ndoo ya maji na brashi kubwa yenye mpini mrefu, akaandika chini kwa maji. Maji tu! Herufi inakaa nyeusi na kung'aa, inatoa ile harufu ya simenti moto iliyolowa, na kabla hujaizoea jua la Durban limeshaila. Nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini tuandike kitu kinachokufa. Akacheka, akaandika nyingine.

Mwanzoni nilikuwa natafuta picha. Hii si kama nyumba? Hii si kama kuku? Alikuwa anatikisa kichwa. Akanishika kidole cha shahada, akakitembeza hewani juu ya mstari, na kila kidole kilipokwenda alikuwa ananionyesha kwa mdomo wake: hapa brashi imetua kimya, hapa imekandamiza, pumzi, hapa imegeuka kwa bega si kwa kiganja, hapa imeona nafasi ikakimbia. Usiangalie herufi, aliniambia. Muangalie aliyepita.

Ilichukua Jumamosi nyingi. Siku moja tu nikaanza kuona, na nilivyoona ni hivi: ni kama hatua za Baba kwenye ngazi za nyumba yetu. Sihitaji kumuona. Nikimsikia najua kama amechoka, kama amelipwa, kama kabeba kitu kizito mkono wa kushoto. Mstari nao ni hatua. Ule mweusi mzito ulikuwa mtu amesimama anafikiri. Ule mwembamba ulikuwa mtu ameshaamua. Na nafasi nyeupe katikati haikuwa imeachwa kwa bahati mbaya, ilikuwa kama kimya cha mtu anayejua kuongea. Nilianza kukaa chini na kuangalia herufi inakauka mpaka mwisho, mimi, bila kuambiwa.

Basi, Jumamosi moja aliandika 'mbali'. Akachovya mara moja. Akapanga vile vimstari vya juu, akashuka, akavuta ule mstari mrefu wa chini kwenda kulia, na maji yakaanza kumwishia. Michirizi ikatokea. Simenti kavu ikachungulia katikati ya maji, ile ile, alama za fagio.

"Chovya!" nikapiga kelele.

Akatikisa kichwa, akaendelea kuvuta mpaka brashi ikaacha kuandika. Akaonyesha pale palipochanika kwa ncha ya kiatu. "Hapa ndiyo pazuri," akasema. "Hapa mkono hauna kitu tena, lakini bado unakwenda."

Kupitia mlango wa nyuma niliuona ukuta wa kaunta. Jua la asubuhi lilikuwa limeipiga ile karatasi, na wino wa bibi ulikuwa umetulia, hauna mng'ao, lakini kipande changu kiling'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na pembeni yake mafuta yalikuwa yameingia kwenye karatasi, yameacha duara la njano. Nilikuwa nimemzibia mama wa mtu siku ya kuagana na mwanawe. Na Mama Lin hakuwahi kuniambia kwamba imependeza. Alisema tu kwamba nilifanya kwa uangalifu.

Nilivaa ndala zangu nikaenda nyumbani. Jumamosi iliyofuata nikamwambia Baba nina homework nyingi. Na iliyofuata. Miaka tisa nikifika kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na lile duka navuka upande wa pili. Baba hajui mpaka leo kwamba niliharibu, na nikimwambia atakwenda kuangalia kila bango lake upya.

Jana Yaya Odette alinishika mkono sokoni. "Weye! Ulipoteleaka wapi? Mama Lin anafunga duka. Siku ya yenga anapanda ndege, anarudia kwao." Yenga kwao ni Jumapili. Nikamuuliza, ile karatasi je?

"Ile iko ndani ya valizi yake ya nguo. Vingine vyote alituachia." Halafu akanitazama. "Kila siku akipanguza kioo, akifika pale pako, mkono inasimama kidogo. Miaka yote. Mimi nilikuwa namuangalia tu."

Kwa hiyo, Salimu, hajasahau. Na mimi sina cha kurudisha, rangi ya mafuta haitoki kwenye karatasi. Kesho ni Jumamosi. Kabla hajafungua geti nitakuwa kwenye simenti ya mbele ya duka na brashi pana ya Baba, na ndoo utabeba wewe, utake usitake. Nitaandika 'mbali' kubwa, aikute akitoka, na kabla jua halijaikausha nitakuwa nimeshamuomba msamaha. Nitachovya mara moja. Maji yakiniishia njiani, sizibi.