Beseni la Kilio cha Kapinga

Siku moja inanirudia, mwanangu, kila ninapoona beseni la maji limewekwa mbele ya nyumba yenye kilio. Ilinirudia tena Jumamosi, nilipokuona wewe, mtoto wa mtoto wangu, unatumbukiza mikono yote miwili katika beseni la watu wote huku unacheka, unawaambia vijana wenzako kwamba hii kolera inayotangazwa ni maneno ya kutishia watoto. Nilitaka kukupiga kofi mbele ya wafiwa. Halafu nikajiona mimi mwenyewe pale, nikaushusha mkono. Sasa keti, uvumilie, maana bibi yako akianza kusema hamalizi mapema.

Mimi nilizaliwa hapa Kolwezi, Katanga, katika kambi ya wachimbaji, na baba yangu vilevile. Babu yangu ndiye aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai kuja kuchimba shaba, na mifupa yake imo katika udongo huu. Basi miaka ile mgodi ulipofilisika, watu wakatafuta wa kumlaumu, wakatupata sisi wenye asili ya Kasai. Vijana walikuja na marungu wakatuambia turudi kwetu. Kwetu wapi? Kasai sikuwa nimeiona hata siku moja. Tulitolewa nyumbani na kile tulichoweza kubeba kichwani, tukaenda stesheni kungoja treni, familia kwa familia, juu ya mikeka, chini ya maturubai, pembeni mwa reli. Tulingoja treni, ikaja kolera.

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Aliyesema hivyo hakulala stesheni yetu. Watoto wachanga walitangulia, wakafuata wazee, kisha hata wenye nguvu zao. Na si kufa tu, mwanangu. Ndoa zilikatwa katikati, mume Mkatanga amebaki mjini, mke wa Kasai yuko stesheni, watoto wanagombaniwa kati ya hapa na pale. Wanawake waliharibikiwa mimba. Wengine walianza kulala mbali na waume zao, wakisema kuzaa mahali kama pale ni kulizalia kaburi. Mimi nilikuwa na mama yako mgongoni, mtoto wangu wa kwanza, na nilikwisha kumwambia babu yako kwamba huyo mmoja anatosha, asiniguse tena.

Jirani yangu wa mkeka alikuwa Kapinga, tuliyekulia naye mtaa mmoja. Alikuwa na binti mchanga asiye na jina bado. Mume wake, mtu wa kaskazini mwa Katanga, alikuwa amezuiliwa na ndugu zake asimfuate, na Kapinga alisema hampi mtoto jina mpaka baba yake afike. Siku moja Kapinga aliamka mzima, akaugua asubuhi hiyo hiyo, na jua lilipozama hatukuwa naye tena.

Kwetu, kama ujuavyo, watu wakitoka kuzika hunawa katika beseni moja, ndipo huketi kula bukari, ugali wetu, pamoja. Asiyenawa na wenzake amejitenga na msiba, na anaweza hata kushukiwa. Lakini palikuwa na muuguzi, Mama Odile, Mkatanga mzaliwa wa Sandoa, aliyekuja stesheni kila siku ingawa majirani zake walimtukana kwa kutusaidia. Tulipotoka kumzika Kapinga, alitusihi tuliache lile beseni. Alisema kolera hupita humo humo, kutoka mkono huu hadi mkono ule, kisha mdomoni. Nikamkasirikia mama wa watu. Nilisimama nikapaza sauti kwa Kiswahili chetu cha kambini:

"Nyumba balitunyanganya! Kazi balitunyanganya! Sasa banataka na kilio yetu? Mi nitanawa na benzangu. Jasiri haachi asili!"

Watu wakanipigia makofi, na sitakudanganya, nilijisikia vizuri sana. Nilikuwa nimetukanwa majuma mazima bila kujibu, na sasa nimejibu. Nikakunja mikono ya blauzi, nikainama.

Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Kaku kama wanavyosema watu wa Kasai, alikuwa ameketi kwenye mkeka amempakata yule mtoto wa Kapinga. Mwanamke mfupi, mgongo umeshapinda, sauti yake huisikii mpaka umsogelee. Aliinuka na mtoto mkononi, akaja taratibu, akalipiga beseni teke. Maji yote yalinimwagikia miguuni. Kumwaga maji ya kilio, mwanangu! Mzee mmoja alipiga kelele kwamba Kaku ameingiwa na pepo.

"We," Kaku akaniambia, "unazani balitufukuza juu ya nini?"

Niliinama kukung'uta maji miguuni.

"Banataka tukuwe bachache. Kila mwenye anakufa hapa anabasaidia kazi yabo. Unataka kubasaidia? Basi endelea, tia mukono."

"Lakini Kaku, ni desturi."

"Desturi ni kunawa pamoja. Beseni ilitoka ku soko."

Akanipa mtoto nimshike kidogo, akamwomba Mama Odile maji yake yaliyotiwa dawa, akachukua kopo. Alisimama pale kwenye matope, akammwagia kila mfiwa maji mikononi, mmoja baada ya mwingine, akimtaja kwa jina lake na la baba yake. Ilichukua muda mrefu. Yule mzee wa pepo naye akaja mwishoni, ameinamisha uso, akanyoosha mikono, na Kaku akamtaja kwa heshima kama wengine. Tangu tutolewe majumbani mwetu hakuna aliyekuwa ametutaja kwa majina. Tulikuwa "wale" tu.

Kumbe kwangu alikuwa hajamaliza. Mtoto alikuwa mikononi mwangu analia kwa njaa, na mimi nina maziwa. Kila mtu aliniangalia, na kila mtu aliogopa, kwa kuwa mama yake aliuawa na kolera. Mama Odile akasema hakuna ubaya, ninawe tu mikono na ziwa langu vizuri. Na mimi, yule jasiri wa beseni, nikarudi nyuma nikamsogeza mtoto mbele ili mtu mwingine amchukue. Unacheka? Cheka tu. Beseni sikuliogopa, nikaogopa mtoto.

"Mukono yako ilikuwa na nguvu saa ile," Kaku akasema polepole. "Sasa iko wapi?"

Nikanawa. Nikaketi, nikampa ziwa. Alivuta kwa nguvu hata nikapiga ukelele, na Kaku akacheka kwa sauti, siku ya kilio, mbele ya watu wote.

"Kapinga alikufa," akasema. "Kapinga anakula."

Hivyo ndivyo mtoto alivyopata jina.

Treni ilikuja hatimaye, imejaa mpaka juu ya mabehewa. Kaku hakufika mbali. Tulipokwama stesheni ya Tenke, alilala akiwa ameegemea bega langu, hakuamka. Ulikuwa uzee na uchovu, haikuwa kolera, na mpaka leo nafurahi kwamba hata kifo chake hakuwapa waliotufukuza. Tulimzika kando ya reli. Mimi ndiye niliyechukua kopo, nikawamwagia watu maji mikononi nikiwataja majina, na sikulia mpaka mtu wa mwisho aliponawa.

Huko Kasai nilizaa tena, na tena. Watu walishangaa, njaa ile unazalia nini? Sikuwa peke yangu. Wanawake wengi tuliotoka stesheni tulifanya hivyo, kana kwamba tumepatana. Kuzaa hakumrudishi aliyekufa, nisikudanganye. Na wako wenzangu ambao tumbo halikukubali tena, wakalea watoto wa marehemu, nao ni mama kamili. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Mambo yalipotulia nikarudi hapa hapa nilipofukuzwa, na wanangu wote nyuma yangu, mama yako na Kapinga wakiwa wameshikana mikono. Ndiye huyo mama mdogo anayekupigia kelele kila siku kwamba hunawi.

Basi, mwanangu, sikuambii uwe mwoga. Ubishi umeurithi kwangu, siwezi kukunyang'anya. Nakuambia tu uuweke mahali pake. Ugonjwa haujui kama wewe ni jasiri, na mficha maradhi kilio humfichua. Uogope uchafu ulio mkononi, usimwogope yatima wala mjane wala mgonjwa. Mila uishike, lakini chombo kikileta kifo kipige teke. Na atakayetaka upungue, mjibu kwa kuishi, uishi mpaka achoke kukuona.

Kesho watu wanarudi pale kwenye kilio. Chukua kopo hili, usimame mbele ya nyumba, umwagie kila mtu, na majina yao uyajue kabla hujaenda. Mungu wa mababu zako akutangulie. Mikono yako iwe safi, mlango wako uwe wazi, nyumba yako isikose kilio cha mtoto mchanga. Uishi, ulee, tuwe wengi.